Mvua, maiti watano na mizani ya korosho

Shikamoo Shangazi,

Pole na kazi ya kutusomea shida zetu. Ya kwangu si ya ndoa wala ya mawifi, kwa hiyo ukiona haifai kwenye safu yako nitaelewa.

Mimi ni karani wa mizani katika chama cha msingi cha ushirika, AMCOS kama tunavyosema huku, mkoani Mtwara. Nina miaka 31, mume mmoja, mtoto mmoja. Msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi wa kumi nasimama mizanini tangu asubuhi mpaka taa ziwashwe. Nasoma kilo, nazitaja kwa sauti mkulima asikie, naandika stakabadhi, anasaini au anaweka dole gumba, gunia linaingia ghalani. Msimu ukiisha nabaki ofisini na mafaili, na hapo ndipo ninapoandika hadithi.

Ugonjwa huu niliupata kwa baba. Alikuwa na sanduku la bati lenye vitabu vya upelelezi vya Willy Gamba na Joram Kiango, na mama aliuficha ufunguo wake kwa kuwa aliona majalada yale hayamfai mtoto wa kike. Nilijua ulipofichwa. Vyote nilivisoma kwa koroboi, na mpaka leo nikishika kalamu najikuta namtafuta mtu mwenye bastola.

Mwaka juzi nilianza kushiriki mashindano ya hadithi fupi. La kwanza lilitaka maneno yasiyozidi 3,000. Yangu ilikuwa na 4,150, nikapunguza ukubwa wa herufi ili kurasa zionekane chache. Sikujibiwa. La pili walinijibu kwamba hadithi imeondolewa kwa sababu tayari ipo Facebook. Ni kweli, nilikuwa nimeibandika vipande vipande kwenye ukurasa wangu, sehemu ya kwanza hadi ya tisa, na watu wanaandika chini "inaendelea lini dada?" La tatu nilifuata kila sharti, na sikuingia hata kwenye orodha ya 20 bora.

Hadithi zangu zote ni za upelelezi. Shujaa wangu ni Inspekta Rocky wa Dar es Salaam, ana koti refu la ngozi na bastola mbili. Hiyo ya mwisho ina maiti watano na inaanza usiku wa mvua kubwa. Nilimpa mwalimu wangu wa zamani wa Kiswahili aisome, akaniambia mambo mawili yaliyoniuma. Kwanza, kwamba hadithi za polisi na wezi ni fasihi pendwa na majaji hawazipi tuzo. Pili, kwamba huyo Rocky haonekani kuwa mtu aliyewahi kutokwa na jasho. Shangazi, mimi Dar es Salaam nimefika mara mbili, na zote nilikwenda msibani.

Nikasema basi niandike ninachokijua. Nikanunua daftari nikaanza kuorodhesha maswali ya hadithi mpya: Nani kaichezea mizani? Korosho za magunia 14 zilitokaje ghalani bila mlango kuvunjwa? Kwa nini mlinzi hakusikia kitu? Siku moja nikalisahau mezani. Katibu wetu akalisoma. Akaniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniuliza nimetumwa na nani. Nilipomwambia ni hadithi ya mashindano alicheka, lakini kicheko kile hakikufika machoni, na tangu siku hiyo ananiitikia salamu nusunusu. Sikuwa namwandika yeye. Ila nilivyoona alivyoshtuka na mimi nimeanza kujiuliza, na sasa silali vizuri.

Juzi nimetumiwa kwenye simu tangazo la shindano jingine. Kiingilio shilingi 25,000, washindi wanatolewa kwenye kitabu cha pamoja, na sharti moja linasema hadithi zote zitakazopokelewa ni mali ya waandaaji. Mume wangu anasema hela hiyo tununue salfa ya kupulizia mikorosho.

Nibaki na Rocky, ambaye hamuudhi mtu, au niiandike mizani? Na mtu wa kijijini kama mimi, nisiyejua hata polisi wanafanyaje kazi yao, naweza kweli kuandika hadithi ya uhalifu ikashinda?

Karani wa Mizani, Mtwara


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa najistarehesha tu, kwa sababu pale katibu anapofunga mlango pamenishinda kupaacha. Mtu anasoma maswali matatu kwenye daftari la mwenzake, anainuka, anafunga mlango. Hakuna bastola, hakuna koti, na mimi nimeshasogeza kiti karibu na taa. Umeandika aya bora kuliko Rocky mzima, tena ukidhani unaeleza shida.

Kabla ya ushangazi huu nilikuwa mhariri, na mara kadhaa nimekaa meza ya majaji. Kwa hiyo nianze na huko kushindwa kwako, maana umekuhesabu vibaya. Mara mbili za mwanzo hukushindana. Hadithi iliyozidi maneno kwa kawaida haimfikii hata jaji. Kuna karani wa shindano, mwenzio kabisa, ambaye kazi yake ni kupima na kuweka pembeni. Wewe ukiambiwa gunia lisizidi kilo kadhaa, utampokelea mtu lililozidi kwa sababu kalishona vizuri? Ya kupunguza herufi sisemi kitu, ila majaji wengi tunavaa miwani na tuna kinyongo. Facebook nayo ni kuchapisha. Mashindano mengi hutaka hadithi ambayo haijatoka popote, na ukurasa wako ni popote. Hao wa "inaendelea lini dada" watungie nyingine, ya mashindano ikae kimya kwenye faili mpaka matokeo yatoke.

Mara ya tatu ndiyo ulishindana ukakosa. Hilo pokea kama lilivyo. Nimeshaona hadithi iliyoshika namba moja kwenye karatasi ya jaji mmoja na ya thelathini na kitu kwenye ya mwingine, na mwisho ikashinda ambayo hakuna aliyeipigania wala aliyeikataa. Jaji si mizani.

Sasa mwalimu wako. Msalimie, halafu mkumbushe jambo ambalo bila shaka analijua. Mwaka 1957 hadi 1958 East African Literature Bureau, shirika la kuchapisha vitabu, iliendesha shindano la kuandika hadithi kwa Kiswahili. Aliyeshinda alikuwa Mzanzibari, Muhammed Said Abdulla, kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka kitabuni mwaka 1960. Ni hadithi ya upelelezi: Bwana Ali anakutwa amekufa mzimuni, na anayefumbua fumbo ni Bwana Msa, mtu wa kiko na maswali, si askari. Kwa hiyo hadithi ya upelelezi ya Kiswahili haikuwa mgeni aliyebisha hodi kwenye mashindano. Ilizaliwa humo humo. Na huyo Abdulla usidhani alikuwa mtu wa kukaa na wapelelezi. Alianza kazi kama mkaguzi katika idara ya afya, akawa mwandishi wa magazeti, na mwaka 1958 akashika uhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo. La kilimo, mwanangu. Nadhani umenielewa.

Ila la pili mwalimu kasema kweli tupu. Koti la ngozi Kariakoo, saa saba mchana, mwezi wa kwanza? Rocky atazimia kabla hajamfikia mtuhumiwa.

Tatizo lenyewe ni la urefu wa hadithi zaidi kuliko mahali inapotokea. Wewe umelelewa na Willy Gamba, na Willy Gamba tangu alipotokea mwaka 1974 ni mtu wa riwaya. Riwaya ina nafasi ya kukimbizana, kuteka ndege, kupenda, kusalitiwa na kupenda tena. Maneno 3,000 hayana nafasi hata ya kuwasha gari. Kufukuzana kunakula maneno kama lori linavyokula mafuta, na ukifika mwisho hujamjua mtu hata mmoja. Kuwaza hakuli maneno mengi. Mtu akiinamia stakabadhi mbili akagundua kwamba hazilingani, umetumia maneno arobaini na msomaji kashika mdomo. Ndiyo maana kwa hadithi fupi ningekupeleka shule kwa Bwana Msa kwanza. Willy utamrudia siku ukiandika kitabu.

Na hao maiti watano! Mwanangu, kila maiti anadai maneno yake. Hapa kwetu mtu hafi akalala kimya anamsubiri inspekta. Kuna wa kumlilia, kuna wa kuchanga, kuna shangazi atakayefika na basi la jioni na kuuliza mbona hakumsubiri. Akiwa Mwislamu, ndugu wanataka azikwe leo leo kabla ya alasiri, na daktari hajampasua. Hebu ona: hapo peke yake pana hadithi nzima, familia inataka kuzika na mtu mmoja anaomba wasubiri, na hawezi kusema kwa nini. Lakini hiyo ni ya maiti mmoja. Ukiwaua watano hutakuwa na nafasi ya kumwacha mtu amlilie hata mmoja, na wasipoliliwa msomaji hawaoni ni watu. Tena hadithi ya uhalifu haidai kifo. Wizi unatosha. Kuna hadithi niliyowahi kuipigania kwa majaji wenzangu, iliyohusu jembe lililoibwa, na mpaka leo naikumbuka kuliko zile zilizojaa damu.

Umesema hujui polisi wanavyofanya kazi. Unajua zaidi ya unavyodhani, kwa sababu kijijini uhalifu hauanzii kituoni. Unaanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, unakwenda kwa mtendaji, mgambo anatumwa, na polisi akifika kila mtu ameshatoa hukumu yake kichwani. Huko kituoni jifunze machache tu yasije yakakuumbua. Mlalamikaji anapewa RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Aliyeumizwa huchukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Katika kipande cha hadithi ulichoambatisha na barua yako, yule kijana wa pili anachomwa kisu, anatibiwa na kurudi nyumbani bila polisi kujua lolote, na Rocky hashangai. Msomaji yeyote aliyewahi kuhangaika na PF3 usiku ataifunga hadithi hapo. Upelelezi wa wilaya uko chini ya mkuu wake, OC-CID, na sampuli za sumu hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, majibu hayaji keshoye asubuhi kama kwenye filamu. Zaidi ya hapo, nenda ukakae Mahakama ya Mwanzo siku moja. Kesi husikilizwa hadharani, kwa Kiswahili, bure. Sikiliza jinsi mtu anavyodanganya akiwa amesimama. Wasema kweli hujisahihisha: "ilikuwa Jumatano, hapana, Alhamisi". Mwongo amekuja na Alhamisi yake imepigwa pasi.

Tuje kwenye mizani, ambako ndiko moyo wangu ulipo tangu nilipofungua barua yako.

Una maswali matatu mazuri kwenye daftari, na la katikati ndilo lenye nyama: korosho za magunia 14 zimetokaje bila mlango kuvunjwa? Mimi si mtu wa ushirika, ila nimeishi na wakulima kiasi cha kulijua neno unyaufu. Korosho ghafi zikikaa ghalani hukauka, na zikikauka uzito hushuka. Kila mtu anajua, kila msimu watu wanagombania, na hakuna anayeweza kusema kwa hakika kilo ngapi zimeliwa na hewa na ngapi zimeliwa na binadamu. Mwanangu, mwizi gani angetaka maficho mazuri kuliko hayo?

Hebu tupige hesabu kwenye pembe ya gazeti. Ghala lina tani 60. Gunia moja tuseme kilo 80, ni magunia 750. Mtu akifumua kila gunia usiku, akachota kilo moja na nusu, akashona, atapata kilo 1,125. Ni magunia 14 na kidogo. Ukihesabu magunia yako yote 750, mlango mzima, kufuli zima. Hakuna gunia lililotoka. Zilitoka korosho. Na upungufu wenyewe haufiki hata asilimia mbili, katibu anaandika "unyaufu" na kugonga muhuri kwa nia njema kabisa. Kwa ile bei ya shilingi 3,300 kwa kilo iliyotangazwa na serikali mwaka 2018, hizo ni shilingi milioni 3.7. Si hela ya kujengea ghorofa Masaki. Ni ada, ni bati, ni deni la matibabu ya mama. Wizi wa kiasi hicho mtu mzuri anaweza kuufanya, na hadithi fupi inamhitaji mtu mzuri.

Sasa, atagunduliwaje? Hapa ndipo nakurudishia mvua yako.

Nilicheka ulipoandika kwamba hadithi inaanza usiku wa mvua kubwa. Kwenye meza ya majaji tulikuwa na mchezo: anayeanza kuikuta mvua kwenye sentensi ya kwanza ananunuliwa chai. Tulikunywa chai nyingi. Mvua hizo hazikuwa na kazi yoyote, zilikuwa pazia tu. Lakini huko kwenu mvua za mwanzo hukuta korosho bado ghalani, na korosho hufyonza unyevu kama inavyoutoa. Basi anza na mvua, kwa ruhusa yangu: imenyesha siku sita, barabara imekatika, lori limekwama, wakulima wamekaa chini ya mwembe wanalalamikia malipo. Msomaji ataamini mvua imewekwa pale ili kulichelewesha lori. Muache aamini. Kurasa tano mbele mtu anaitazama taarifa ya ghala inayosema kwamba juma lile lile korosho zilinyauka. Zinanyaukaje, na hata chumvi jikoni imegeuka uji?

Umeona nilichofanya? Dalili sikuificha. Niliipa kibarua cha uongo. Waandishi wapya huifunika dalili kwa majani, na msomaji anayaona majani. Wewe iache mchana kweupe, ila mpe msomaji sababu nyingine ya kwa nini ipo pale. Kama siku sita hazitoshi, au korosho zilizo kwenye magunia hazifyonzi kwa kasi hiyo, wewe ndiye utakayejua, una mizani. Pima. Gunia moja, kabla na baada. Sijui mwandishi gani mwingine nchini anayeweza kufanya utafiti wake akiwa kazini bila kuomba ruhusa.

Na uongeze uzi wa kushonea magunia. Anayeshona usiku hashoni kama anayeshona mchana. Lakini hilo nakuachia.

Sasa katibu. Hapa nakuomba unisikilize kama mama, maana umechanganya mambo mawili kwenye daftari moja. Kicheko kisichofika machoni si ushahidi. Watu wasafi nao huogopa daftari, hasa kwenye ushirika, ambako miaka nenda rudi kila anayeshika kalamu anaitwa mwizi. Ukiwa na kitu cha kweli mkononi, stakabadhi zisizolingana, majina ya wakulima wasio na shamba, hiyo si hadithi na usiifanye hadithi. Afisa ushirika wa wilaya yupo, TAKUKURU wapo na namba yao ya bure ni 113. Ukiwa huna, basi huna, na usimsulubu mtu kwenye shindano kwa sababu alifunga mlango.

Kubadilisha jina hakutoshi. Kila mtu kijijini atajua "Katibu Saidi mwenye upara" ni nani hata ukimwita Katibu Petro mwenye nywele. Hamisha kila kitu: wilaya, umri, sababu. Na nina ushauri mmoja ambao utakutisha kidogo. Mwizi wako asiwe katibu. Awe karani wa mizani. Mwanamke wa miaka 31 anayezitaja kilo kwa sauti mkulima asikie, anayeaminiwa na wazee wote wanaoweka dole gumba. Jiulize usiku mmoja, kwa ukweli, ni shida gani ingekufikisha wewe kwenye gunia la kwanza, na ni nini ungejiambia ulipofika la mia saba. Hakuna atakayekushtaki kwa kujiandika mwenyewe, na katibu akiisoma hadithi hiyo atakuwa ndani yake mtu aliyedanganywa, anayestahili kuonewa huruma. Huenda hata salamu zikarudi nzima.

Mpelelezi wako awe nani? Si lazima awe na cheo. Mama anayeuza uji nje ya ghala anajua nani hupita alfajiri na kapu zito. Nakudokeza tu.

Kuhusu pa kuipeleka. Hilo la 25,000 liache. Kiingilio peke yake si dhambi, yako mashindano huko Ulaya yanayotoza ili kuwalipa wanaozichuja hadithi. Kinachonitisha ni lile sharti. Hadithi uliyoitunga ni yako tangu inapoandikwa, ndivyo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilivyo, na hao wanataka kuichukua hata kama hujashinda, na wewe ndiye uwalipe. Shindano la heshima huomba ruhusa ya kuchapisha zilizoshinda, basi.

Badala yake itazame tuzo ya hadithi fupi ya Jumuiya ya Madola, Commonwealth Short Story Prize. Haina kiingilio, inapokea maneno 2,000 hadi 5,000, na Kiswahili ni moja ya lugha wanazozipokea, huna haja ya kutafsiri. Mshindi wa kanda hupata pauni 2,500 na mshindi wa jumla pauni 5,000. Hadithi iwe haijachapishwa, na jina lako lisionekane kwenye kurasa zake. Ile 4,150 iliyokataliwa kwa urefu hapa ingeingia, ila usiipeleke, Rocky bado hajavua koti. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, ilianza na riwaya na ushairi. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell nayo ni ya miswada mizima. Hizo ziwekee alama, ni za siku Willy Gamba atakaporudi.

Angalia kalenda lakini. Hiyo ya Jumuiya ya Madola kwa kawaida hufungwa mwanzoni mwa Novemba, wakati wewe umesimama mizanini na foleni imefika barabarani. Usijidanganye kwamba utaandika usiku. Andika sasa, wakati watu wanapuliza mikorosho na ofisi imetulia, uimalize kabla ya mwezi wa nane, uifungie mwezi mzima bila kuigusa, kisha uisome kwa sauti kama unavyozisoma kilo. Utakaposhika pumzi ndipo sentensi imezidi. Nitumie pia kwa anwani ya safu hii ukipenda, nitasoma, nitavaa miwani.

Daftari lisiende tena ofisini. Na hiyo 25,000 nunueni salfa, hapo mume wako hajakosea.